Msichana Aliyezipa Namba Haki Zao

Wanafunzi wangu wananiogopa, na sijawahi kuwaomba radhi kwa hilo. Hesabu haifundishiki kwa kubembelezana. Nikimwona mtu ameandika jibu bila kuonyesha njia, mishipa ya shingo hunisimama, na jirani yangu muuza maandazi hujua somo la siku hiyo kwa kusikiliza ukutani tu. Husema aljebra huanza kwa mimi kukohoa na jometri huanza kwa kiti kuburutwa. Siku za uwezekano, anasema, yeye huchukua karai lake akahamia upande wa pili wa barabara.

Ninafundishia kwenye veranda ya nyumba waliyoniachia wazazi wangu Changamwe. Baba alikuja kutoka bara kufanya kazi ya ufundi wa mitambo, akanunua kiwanja wakati malori ya makontena hayajawa mengi kiasi hiki, na mimi nikazaliwa hapa hapa. Kiswahili changu ni cha hapa, ingawa wenyeji wa Jomvu Kuu wakinisikia nimekasirika hucheka wakasema bara haijanitoka. Nilifundisha shuleni miaka mingi, kisha nikaacha kwa sababu sipatani na vikao. Nilinunua ubao, nikamwita fundi aupigilie ukutani, na kabla msumari wa mwisho haujaingia alikuwa amekuja mzazi wa kwanza kuuliza.

Wanaokuja kwangu ni vijana wa kidato cha nne ambao masomo mengine wanayaweza, lakini hesabu imewasimamia mlangoni. Anataka uhandisi, hesabu imemsimamia. Anataka ufamasia, hesabu imemsimamia. Wazazi huja wameshakata tamaa nusu, wananieleza habari za mtoto kama wanaoeleza homa. Mimi husikiliza, nikampa mtoto chaki.

Huyu msichana aliletwa na mjomba wake, baada ya matokeo ya mtihani wa majaribio wa katikati ya mwaka. Mjomba ana duka la vipuri vya magari huku kwetu, mtu mrefu wa maneno machache, amevaa kofia safi kuliko duka lake. Baba wa msichana alifariki mtoto akiwa mdogo, na tangu hapo mjomba ndiye aliyemsomesha. Alinisalimu kwa heshima, akauliza habari za nyumbani, za kazi, za jua hili, kisha akasema alichokuja kusema. Mpwa wake alikuwa anataka kusomea upimaji wa ardhi chuo kikuu. Alama za masomo mengine zilikuwa nzuri. Za hesabu zilikuwa aibu. Yeye mjomba alikuwa na rafiki yake, meneja wa hoteli moja Shanzu, aliyekubali kumwekea mtoto nafasi mapokezi mara tu atakapomaliza shule.

"Mimi sina ugomvi na chuo, mwalimu," alisema. "Nina ugomvi na kungoja. Nimeona wasichana wa mtaani kwetu wakingoja chuo mpaka wakazeeka ndani. Akiipata hesabu, na aende. Asipoipata, atavaa sare ya hoteli, na mimi sitaki kusikia tena habari ya kurudia mtihani."

Sikumpenda kwa maneno hayo, lakini sikuweza kumkosoa. Wasichana aliowasema nawajua mimi pia. Msichana mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Nilipomwita aliitikia "Abee mwalimu" kwa sauti ndogo sana, nikajiambia moyoni, huyu nitamvunja kabla ya Ijumaa.

Nilimkadiria vibaya. Hakuwa mtu wa kuvunjika. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na hilo lilinitesa zaidi. Mwanafunzi anayelia unajua umemfikisha wapi. Huyu alikosea, nikafoka, akainamisha kichwa, akafuta, akarudia kosa lile lile kwa mwandiko mzuri zaidi.

Na makosa yake hayakuwa kama ya wengine. Wengine wanasahau alama ya kutoa, wanakosea jedwali, wanaacha swali katikati. Yeye alimaliza kila swali. Kila hesabu yake ilijumlika ikatimia kabisa. Ukiangalia mwisho wa ukurasa ungedhani mtoto huyu anapata zote. Ila majibu yalikuwa ya ajabu, namba ambazo hazikuwa na sababu ya kuwepo pale.

Siku moja niliandika ubaoni swali jepesi, la kupasha mwili joto. Mkulima amepanda mahindi nusu ya shamba. Amepanda mihogo theluthi mbili ya sehemu iliyobaki. Ni sehemu gani ya shamba haikupandwa kitu? Wenzake walijibu mara moja, sehemu moja ya sita. Yeye alikuwa ameandika kwamba mahindi ni tatu ya saba, mihogo ni nne ya saba, na hakuna kilichobaki.

Niliitazama ile saba. Kosa lake la kwanza lilikuwa wazi, alikuwa amechukua theluthi mbili ya shamba zima badala ya sehemu iliyobaki. Hilo hufanywa na kila mtu mwenye haraka. Lakini mwenye haraka akijumlisha nusu na theluthi mbili anapata zaidi ya shamba zima, anashtuka, anarudi nyuma. Huyu hakushtuka. Alikuwa ameenda mahali akachukua saba.

"Saba imetoka wapi?" nilimuuliza.

Akainamisha kichwa. Nikauliza tena, na jirani yangu bila shaka akainua karai. Nikachukua karatasi zake zote za nyuma nikazitandaza mezani. Kumbe zilikuwa zimejaa. Mahali pengine saba, pengine tisa, pengine kumi na tatu, namba zinatokeza kila mara sehemu zilipojumlika zikazidi moja. Walimu wake wa shule walikuwa wameweka mikato myekundu juu ya kila moja, mwaka baada ya mwaka, na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Nilikasirika upya, safari hii nikiwa nimewakasirikia wao.

Nikakaa chini. Nikamwambia kwa sauti ambayo wanafunzi wangu hawaijui kwamba simgombezi, nataka kujua tu. Alinitazama kidogo kuona kama ni mtego.

"Zimezidi, mwalimu," alisema. "Zikizidi, si wote wapungukiwe?"

"Wote nani?"

"Wenye mafungu."

Nikamuuliza nani aliyemfundisha hivyo. Akasema mama yake. Basi nikajua la kufanya. Nilikuwa nimewahi kukutana na wazazi wanaofundisha watoto hesabu za nyumbani na kuwaharibu, na dawa yao ni kuwaendea na kuwaambia waache. Nikamwambia Jumamosi niko kwenu.

Nilipanda bodaboda mpaka barabara ilipokwisha, nikaendelea kwa miguu kwenye njia zile za Jomvu Kuu zinazopita kati ya nyumba na vishamba, nikipanga maneno yangu. Nyumba yao iko karibu na msikiti. Nilimkuta mama barazani na wasichana wakubwa waliokuwa wakimaliza somo. Sikuwa najua kwamba yeye ni ustadha, mwalimu wa madrasa, na kwamba wasichana wa mtaa ule wakishavuka masomo ya udogoni hupelekwa kwake kusoma fiqhi, yaani sheria za dini. Alikuwa mwembamba, mcheshi wa macho, na anazungumza taratibu kiasi kwamba hasira zangu zilikosa pa kuingilia. Alinikaribisha ndani. Akaniuliza habari za watu wangu mmoja mmoja, hata wale asiowajua. Maneno niliyoyapanga njiani yalikuwa bado yako tayari, lakini huwezi kumfokea mtu ambaye anakumiminia chai.

Nikaeleza ile saba. Nilidhani atajitetea. Yeye alicheka kwa furaha, akamtazama binti yake kama ambaye amesifiwa mbele ya wageni.

"Hiyo ni mirathi, mwalimu," alisema.

Akavuta sinia lenye mkate wa sinia uliokuwa haujakatwa, akachukua kisu. Akaniambia nifikirie mwanamke amefariki, hana mtoto wala wazazi, ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja mama mmoja. Fungu la mume limetajwa, ni nusu. Fungu la dada wale wawili limetajwa, ni theluthi mbili. Akachora kwa ncha ya kisu juu ya mkate vipande sita. Mume achukue vitatu. Dada wachukue vinne. Vipande sita, na wanaodai ni saba. Nikasema basi haiwezekani, mmoja wao hana haki.

"Ala, nani sasa?" aliuliza. "Mume? Dada? Hapa hakuna mtu wa kurudishwa kwao mikono mitupu. Kila mmoja haki yake imeandikwa. Ikizidi, twaukata mkate saba badala ya sita, kila mtu fungu lake lapungua kidogo, na wote wametoka na haki."

Akaukata saba. Akanipa kipande.

Nilikula nikitazama lile sinia, na niseme ukweli, nilisisimka mwili mzima. Nimefundisha sehemu maisha yangu yote na sikuwa nimewahi kuona watu wanazitumia kwa jambo zito namna hiyo. Msichana huyu alikuwa akizigawa tangu akiwa mdogo, kando ya mama yake, kesi za kweli ambazo watu walimletea mama, wajane na mayatima na ndugu waliokwisha kununiana. Nilimpa palepale sehemu tano zenye asili, yaani namba ya chini, tofauti nikamwambia azilinganishe kichwani. Alizilinganisha kabla sijamaliza kumeza. Nikampa nyingine, mbaya zaidi. Akajibu huku akimuongeza mama yake chai. Mtoto niliyeletewa kwamba sehemu zimemshinda alikuwa mjuzi wa sehemu kuliko darasa langu lote, na pengine kuliko mimi.

Kosa lake lilikuwa moja tu, na lilikuwa kosa la mtu muadilifu. Alizionea huruma namba. Kila ziliposongamana zikazidi, yeye alidhani kila moja ina haki yake, akazipunguza zote sawa sawa, hesabu ikatimia, na kosa alilolifanya mwanzoni likafunikwa vizuri likalala. Ndiyo maana alikuwa hajigundui. Wenzake wakikosea, hesabu yenyewe huwapigia kelele. Yake aliinyamazisha kwa haki.

Nikamuita akae mbele yangu. Mama yake akaweka kisu chini asikilize.

"Mirathi ya mama yako haina mwongo ndani yake," nilimwambia. "Wote waliokuja wamekuja kwa haki. Karatasi ya hesabu si hivyo. Karatasi ikizidi moja, kuna namba inayodanganya. Usimgawie mtu kitu. Weka kalamu chini, rudi juu, mtafute mwongo."

Alirudia maneno hayo taratibu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alitabasamu, akaomba ile karatasi ya mkulima. Alisoma swali kwa kidole. Alipofika kwenye sehemu iliyobaki kidole kikasimama. Akasema, huyu hapa. Mama yake akapiga makofi mara moja, akaona haya, akaficha mikono ndani ya buibui.

Kuanzia hapo nilibadilisha kazi yangu yote. Nilianza kuandika ubaoni maswali yaliyokwisha kufanywa, kila swali nimelitia uongo mahali fulani, na darasa zima kazi yao ni kuusaka. Vijana walipenda kupita kiasi. Kulikuwa na mmoja wa Chaani, wazazi wake wa bara kama wangu, anayeongea Sheng mpaka kwenye jometri, akawa anasimama na kunyoosha kidole: "Madam, msee anadanganya ni huyu, line ya tatu." Lakini aliyekuwa akiwashinda wote ni yule wa Jomvu Kuu. Wengine walisaka uongo kama wanaocheza. Yeye aliusaka kwa ghadhabu, kama mtu aliyegundua kwamba miaka yote amekuwa akiwapa mafungu watu waliojisingizia undugu. Ghadhabu ile niliipenda. Nilijua inakotoka na nilijua itamfikisha wapi.

Si kwamba mambo yalinyooka mara moja. Mkono una mazoea yake. Akichoka, saba ilirudi. Akiwa na haraka, ilirudi. Kuna jioni alifanya swali la mipira ndani ya mfuko, uwezekano ukazidi moja, na mkono wake ukazipunguza zote kabla akili haijafika. Alipoona alichofanya aliipasua karatasi. Nilimwambia aokote vipande, akavipanga mezani, akautafuta uongo hapo hapo kwenye vipande. Aliupata. Alikuwa amepunguza jumla ya mipira baada ya kutoa wa kwanza, akasahau kuipunguza rangi yake.

Mjomba alikuwa akipita jioni kumchukua kwa gari lake la mizigo. Hakuwa akiuliza maendeleo. Angesimama kando ya veranda, angetazama ubao, angesalimu, angeondoka. Siku moja nilimwambia mtoto huyu atapata. Akanijibu kwamba meneja wa Shanzu amempigia kuuliza kama nafasi aendelee kuiweka, naye amemwambia aiweke. Niliona kama amenitemea mate. Nikamwambia kwamba mtu hawezi kukimbia mbio huku ameonyeshwa mahali pa kuangukia. Akasema kwa upole kwamba yeye ndiye atakayemuokota, kwa hiyo lazima ajue mahali. Tulitazamana. Wote wawili tulikuwa tunampenda mtoto, na hilo lilifanya ugomvi usiishe wala usianze.

Siku ya karatasi ya pili ya hesabu, ya mtihani wa taifa, sikufundisha. Nilifagia veranda, nikafua mapazia ambayo hayakuwa machafu, nikamtembelea jirani yangu nikamkalia kimya mpaka akanipa maandazi ili niondoke. Alasiri msichana alikuja moja kwa moja kutoka shuleni, bado ana sare. Sikumuuliza. Alikaa kwenye kiti changu, jambo ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuthubutu, akanieleza.

Swali lilikuwa la uwezekano, lenye alama nyingi. Akachora matawi yake, akajumlisha, zikazidi. Akasema mkono ulikwenda wenyewe kuandika asili mpya. Akauzuia kwa mkono wa pili, kweli kabisa, akaushika kifundo mpaka msimamizi akamtazama. Akaweka kalamu chini. Akarudi juu akasoma swali kwa kidole, neno kwa neno, huku wenzake wanafungua kurasa za mbele. Mwongo alikuwa tawi la kwanza kabisa, alikuwa amelichora mara mbili. Alilifuta. Yote yaliyofuata yalikaa yenyewe.

"Sikumgawia mtu, mwalimu," alisema.

Nilimpa kazi ya kufuta ubao ili asinione uso.

Matokeo yalipotoka alikuja mbio na mama yake nyuma, buibui limejaa upepo. Hesabu alikuwa amepata A. Nimesema A. Nililia kwa sauti barazani kwangu mbele ya wapita njia, na jirani yangu akaja na karai zima akagawa maandazi kwa mtu yeyote aliyesimama, pamoja na utingo wa lori aliyekuwa ameshuka kuuliza njia. Kijana wa Chaani naye alikuwa amefaulu, akacheza ngoma isiyo ya kabila lolote. Mama aliniambia, wallahi, hajui anishukuru vipi, nikamwambia aache, anikatie mkate.

Mjomba alikuja jioni. Alinipa mkono, akasema Mwenyezi Mungu akulipe, na alimaanisha. Kisha akasema lililokuwa limebaki. Alama si nafasi. Nafasi za upimaji wa ardhi ni chache na zinagombewa nchi nzima, na majina ya waliopangiwa vyuo hayatatoka karibuni. Wakati huo wa kungoja mtoto ataenda Shanzu.

Nilibishana naye, nikasema maneno ambayo sitayaandika. Msichana ndiye aliyenizima. Alisema ataenda. Alisema mjomba ameahidi kwa rafiki yake, na ahadi ni ahadi, na kwamba kuvaa sare hakumfuti mtu akili. Aliondoka na mkoba ule ule, na veranda yangu ikapata darasa jipya, na kila nilipopita kwenye duka la vipuri nilisalimu kwa ufupi.

Nilimwona mara moja katika miezi ile. Alikuja Jumapili yake ya mapumziko, amechangamka, anaongea na watu sasa, akanisimulia wageni na vituko vyao. Lakini alipotazama ubao alinyamaza katikati ya kisa. Akauliza kama nadhani amekosa nafasi ya chuo. Nikasema hapana. Sikuwa na uhakika hata kidogo, nilisema hapana kwa sababu sikuwa na neno jingine la kumpa, naye alijua.

Kisha asubuhi moja mjomba alitokea kwenye veranda yangu katikati ya somo. Kofia yake ilikuwa imekaa upande. Alikuwa ameshika simu kwa vidole viwili, mbali na mwili.

"Mwalimu, nisomee hapa," alisema. "Miye nimesoma, lakini siyaamini macho yangu."

Nilichukua simu. Pale palikuwa na namba ya mtihani ya msichana, na chini yake shahada ya upimaji wa ardhi, na chuo kikuu cha bara alichokiandika yeye kuwa chaguo lake la kwanza. Nilimsomea. Akasema nirudie. Nikarudia kwa sauti ya darasani, na darasa zima likaitikia kwa kelele. Hapo ndipo aliponiambia kwamba amekuwa akiingiza namba ile kwenye simu kila asubuhi kabla ya kufungua duka, tangu siku mpwa wake alipoanza kazi. Hakumwambia mtu. Mimi niliyemnunia miezi yote ile nilimshika mikono miwili nikaitikisa.

Nikauliza kama msichana anajua. Akasema bado, na kwamba habari hii hataki kuipeleka kwa simu. Nikawaambia wanafunzi wameruhusiwa kuondoka. Tulimpitia mama Jomvu Kuu, tukakaa watatu kwenye kiti cha mbele cha gari la mizigo, mama katikati, akisoma dua kwa midomo tu, na mjomba akiendesha polepole kupita kiasi kama aliyebeba vioo. 

Hoteli ilikuwa na sakafu inayoteleza na maua makubwa. Msichana alikuwa nyuma ya kaunta katika sare ya samawati, ana foleni ya wageni. Alituona tukiingia, sisi watatu, mjomba na kofia yake ya upande, mama na viatu vya nyumbani, mimi na chaki mpaka kwenye viwiko. Nadhani alifikiri kuna msiba, kwa sababu uso ulimbadilika. Mjomba alipita foleni nzima, mtu asiyewahi kupita foleni, akaweka mikono yake juu ya kaunta.

"Kazi hii nilikuombea mimi," alisema. "Leo nimekuja kuirudisha mimi. Umepata, mwanangu. Upimaji wa ardhi. Umepata chaguo la kwanza."

Msichana alinitazama mimi, si yeye. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Meneja alikuwa ametoka ofisini kwake kuona kuna nini, na mjomba akamgeukia akaanza kumshukuru na kumwomba radhi kwa pamoja, na mama akakaa chini pale pale kwenye sakafu ile inayoteleza, akacheka, machozi yanamtiririka. Nami nililia mbele ya watalii wote wale na sikuona haya.

Kulikuwa na mzee wa kizungu mbele ya kaunta aliyekuwa anangoja ufunguo wake, haelewi neno hata moja. Msichana alijifuta macho kwa kiganja, akamwomba radhi kwa Kiingereza safi, akamaliza kumwandikisha, akampa ufunguo, akamwelekeza lifti ilipo. Halafu akavua kitambulisho cha kifuani, akakiweka juu ya kaunta, akazunguka akatoka.